Uzi wa kuchonga nakshi kwenye boga nyumbani: acheni kutoboa tu, uzuri uko kwenye unene wa nyama

Bobari Mdogo (mleta uzi)

Wakuu habari zenu, natumai wote mko poa.

Naona watu wengi wanaweka picha za maboga waliyochonga na karibu yote ni yaleyale, macho pembetatu, pua, mdomo wenye meno, basi imeisha. Sio vibaya, ila boga linakubali makubwa kuliko hayo na wala huhitaji kuwa fundi wa kuchonga milango ndio utoe maua, majani, mistari ya kupishana au hata sura ya mtu. Shida ninayoiona ni kwamba watu wakisikia kuchonga boga akili inaenda moja kwa moja kwenye kutoboa, sasa ukitoboa unapata vitu viwili tu, giza na mwanga. Ukicheza na unene wa nyama unapata vivuli vyote vya katikati, kuna ganda ambalo halipitishi mwanga kabisa, kuna rangi ya chungwa iliyokolea pale ulipokwangua kidogo, kuna njano pale ulipoingia ndani zaidi, alafu ndio mwanga mkali pale ulipotoboa. Nakshi iko hapo katikati, na ndio maana nimefungua huu uzi.

Tuanze na boga lenyewe. Usilichague kwa macho tu, linyanyue. Ukikuta mawili yana ukubwa sawa chukua lile zito, mana ule uzito ndio nyama, na nyama nene ndio mtaji wa mtu wa nakshi. (Kama umeshaamua utatoboa tu bila kukwangua basi jepesi ndio zuri, msumeno unapita kirahisi.) Likague lote kwa vidole, bonyeza chini kwenye kitako na kuzunguka kikonyo, ukikuta sehemu inabonyea hata kidogo achana nalo mana kuoza kumeshaanza ndani hata kama kwa nje linang'aa. Jaribu kucha yako kwenye ganda, lililokomaa vizuri kucha haiingii. Likiwekwa chini lisimame lenyewe bila kuyumba. Na tafadhali msibebe boga kwa kikonyo, kikichomoka pale panabaki kidonda na ukungu unaanzia hapohapo.

Rangi nayo hatuipi uzito unaostahili. Boga la ganda la chungwa lenye nyama ya chungwa, nakshi ya kukwangua mchana haionekani vizuri mpaka uwashe taa ndani. Ila la ganda la kijani kibichi au la kijivujivu lenye nyama ya njano, ukikwangua mstari mmoja tu unaonekana kutoka mbali hata saa sita mchana. Kwahiyo jiulize kwanza litatazamwa mchana au usiku, ndio uchague.

Kulifungua. Wengi wanakata kofia juu, mimi nakata tundu chini kwenye kitako. Ukikata juu unaondoa kikonyo na ile sehemu ambayo mbavu zote zinakutania, kuta zikianza kukauka zinajikunja na ile kofia inasinyaa inatumbukia ndani. Ukikata chini, juu panabaki pazima, taa unaiweka mezani unalishusha boga juu yake. Kama lazima ukate juu basi ulaze kisu kielekee ndani, yani kofia iwe pana kwa juu na nyembamba kwa chini ili ikae haitumbukii, na ukate kona moja ndogo ya alama ili ujue inarudi vipi.

Ndani toa utumbo wote, mbegu na nyuzinyuzi, kwangua kwa kijiko cha chuma chenye ukingo mgumu mpaka ukuta uwe laini hauna nyuzi hata moja. Zikibaki hizo ndio zinaota ukungu wa kwanza. Sasa upande ule utakaoweka nakshi endelea kuukwangua kwa ndani mpaka ukuta ubaki kama sentimita 2 hadi 2.5, pande nyingine ziache na unene wake zishikilie mzigo. Kupima ni rahisi, chomeka pini ndefu kutoka nje mahali ambapo utakuja kupatoboa, ikitokeza ndani weka kidole alama, chomoa, pima na rula.

Kuhamisha mchoro. Chora au printi kwenye karatasi ya kawaida. Boga ni duara na karatasi ni bapa kwahiyo kata mikato midogo kuzunguka kingo zote za karatasi ili ilale bila kukunjamana, bana na selotepu, alafu toboatoboa kwa pini kufuata mistari, nukta kila milimita 3 hivi, kwenye kona zisogeze zikaribiane zaidi. Ukitoa karatasi nukta hazionekani vizuri, pakaza unga wa ngano kidogo au poda ufute juujuu na kitambaa kikavu, ule unga unabaki kwenye vitundu na mchoro wote unatokeza mweupe. Karatasi ya kaboni nayo inafanya kazi ila inafutika ukishaanza kushika na mikono yenye maji.

Vifaa: msumeno mdogo mwembamba wenye meno, kisu cha wembe cha kukatia karatasi, bobari ndogo mbili (yani patasi zenye mdomo uliojikunja), moja yenye mdomo wa V na moja ya mviringo (zile wanazochongea linoliamu wachoraji zinafaa sana), na kijiko. Kisu kikubwa cha jikoni kiacheni jikoni. Kikiingia kwenye nyama ya boga kinabanwa, unaongeza nguvu, kinaachia ghafla, na hapo kinapoelekea huna uamuzi tena. Msumeno mdogo haukuombi nguvu, unakwenda juu chini taratibu.

Naweka mfano wa jani moja ili muone ninachosema. Mshipa wa kati unauacha na ganda lake. Pembeni yake pande zote mbili pitisha wembe kina cha milimita 2 tu, huo mkato ni mpaka, unazuia ganda lisichanike kwenda kusikotakiwa. Alafu chukua bobari ya V, anzia karibu na mshipa sukuma kuelekea ukingo wa jani, kiganja kimoja kinasukuma, vidole vya mkono wa pili viko nyuma ya makali vinaongoza, kamwe visikae mbele ya chuma. Ganda litatoka jembamba kama utepe. Chini yake kuna leya ya kwanza ngumungumu yenye rangi iliyofifia, ukipita tena ndio unaikuta nyama laini ya chungwa. Leya hizi mbili hazipitishi mwanga sawa! Karibu na mshipa baki kwenye ile ya kwanza, ukielekea ukingoni shuka, ukingoni kabisa shuka zaidi, ukiwasha taa jani linaonekana limejipinda lenyewe. Utaona pia matone yanachuruzika kwenye mikato, huo ni utomvu, ufute kila mara na kitambaa chenye unyevu mana ukikauka unaganda, unakaza ngozi ya mikono na unakuficha mstari.

Anzia katikati ya dizaini uelekee nje, vitu vidogo kwanza, matundu makubwa mwisho kabisa. Kila tundu linapunguza nguvu ya ukuta na wewe mkono wako unauegemea ukuta huohuo. Boga liweke kwenye taulo ulilolizungusha, sio juu ya meza tupu inayoteleza.

Maswali karibuni, nipo.

Tochi ya Usiku

Asante sana mkuu kwa uzi, nimesoma mpaka mwisho. Swali, unajuaje umekwangua vya kutosha? mana kwa nje naona chungwa tu pote, siwezi kujua ipi itatoa mwanga na ipi haitatoa

Bobari Mdogo

Tochi ya Usiku, kila baada ya muda kidogo weka taa ndani ya boga, zima taa ya chumba, angalia. Hakuna kipimo kinachoshinda macho yako kwenye giza. Mimi nikifika hatua za mwisho huwa nachonga kabisa taa ikiwa ndani na chumba kikiwa na mwanga hafifu, unakuwa unaona nyama inavyobadilika rangi chini ya bobari. Ila iwe taa ya betri, usichonge na mshumaa unaowaka ndani, mkono wako na nguo viko karibu mno.

Na kumbuka kukwangua kunarekebishika upande mmoja tu, ukipunguza hurudishi. Kwahiyo shuka kidogokidogo, ukiona sehemu bado nzito unaweza pia kuipunguza kwa ndani na kijiko bila kugusa nakshi ya nje. Hiyo ya ndani watu hawaitumii na inaokoa sana, hasa kwenye sura ya mtu pale mashavuni unapotaka mwanga upande taratibu bila mstari.

Msumeno Wima

Mkuu nakuheshimu ila hapa tutapingana kidogo. Nakshi ya kukwangua inapendeza ukiwa umekaa nayo karibu. Boga likiwa nje kwenye ngazi au getini na mtu anapita mbali, anachokiona ni duara la chungwa lililofifia. Kutoboa kunasomeka toka mbali hata mshumaa ukiwa mdogo. Alafu hiyo ya kukwangua inadai taa kali, mshumaa mmoja hautoshi kupenya nyama hata ikiwa sentimita moja. Mtu anayeanza leo mwambie atoboe kwanza, apate moyo, mambo ya vivuli atayakuta mbele.

Na kwenye kutoboa kuna elimu yake pia, watu wanaichukulia poa. Msumeno lazima usimame wima kwenye ukuta, ukiulaza, tundu linakuwa na upana mmoja kwa nje na mwingine kwa ndani na ukilitazama kwa pembeni mwanga unakatika. Kipande kikishakatwa pande zote usikivute kwa nje, kisukume kutoka ndani kwa kidole, kikigoma kikate vipande viwili vitatu utoe kimoja kimoja. Kona kali usigeuze msumeno ndani ya kona, chomoa, ingia upya toka upande wa pili mikato ikutane. Hapo ndipo wengi wanavunja.

Bobari Mdogo

Msumeno Wima umesema kweli kuhusu taa, na hilo nilipaswa niliweke juu kabisa: nakshi ya kukwangua inataka taa ya LED yenye nguvu, mshumaa ni wa matundu. Na umbali pia ni hoja ya haki, kitu cha kutazamwa na mpita njia kinataka matundu makubwa yanayosomeka haraka.

Ila kwa anayeanza sikubaliani na wewe. Ukianza na kutoboa unakutana na tatizo la madaraja siku hiyohiyo. Kila kipande cha ganda unachotaka kibaki lazima kiwe kimeshikana na boga mahali fulani, chora herufi O uitoboe, ile ya katikati inadondoka, chora jicho lenye mboni, mboni inadondoka, kwahiyo inabidi uache vidaraja, na vidaraja vikiwa vyembamba vinakauka vinakatika. Mtu wa kwanza kabisa hawezi kuyaona haya kwenye karatasi. Kwenye kukwangua hilo tatizo halipo, unaacha kisiwa cha ganda popote unapotaka kwa sababu nyama ya nyuma inakishika. Ua lenye petali ndani ya petali, nyota katikati ya duara, maandishi yoyote, yote yanawezekana siku ya kwanza. Mkono wa mwanzo unasamehewa zaidi huku kuliko huko.

Mimi ninachopenda ni kuchanganya, nakshi yote ikwanguliwe alafu utoboe sehemu chache tu ndogo, mfano kitovu cha ua au nukta kwenye mpaka. Yale matundu machache yanavuta jicho toka mbali na mtu akisogea ndio anakutana na mengine.

Mama Kijani

Habari zenu ndugu zangu. Mimi watoto ndio wananisumbua wanataka kuchonga, wadogo bado. Wafanye nini bila kushika wembe?

Msumeno Wima

Mama Kijani, wape kazi ya ndani, kutoa mbegu na kukwangua na kijiko, wanaipenda hiyo kuliko unavyodhani. Na kazi ya pini ya kutoboatoboa mchoro ukiwa umekaa nao. Kingine ni vikopo vya chuma vya kukatia biskuti vyenye maumbo, nyota, mwezi, ua, chagua vile vigumu, unaweka kwenye ganda unagonga na nyundo ya mpira mpaka kinazama, unakichomoa na koleo. Kugonga wanaweza wakubwa kidogo, kushikilia shikilia wewe. Kisu kisiwe mikononi mwao hata kama wanalia

Bobari Mdogo

Naongezea kwa mama, ukishagonga kile kikopo sio lazima kipite mpaka ndani, kikizama milimita chache kimeshakuwekea mpaka safi wa nyota, wewe mtu mzima unamenya ganda la ndani ya ule mpaka kwa bobari. Watoto wakiona nyota yao imewaka wanajua ni yao.

Kona Tatu

Mimi napenda dizaini za kijiometri, pembetatu zinazojirudia kuzunguka boga zima. Shida yangu kila nikifika mwisho wa mzunguko ya mwisho haitoshi au inazidi. Mnagawanyaje?

Bobari Mdogo

Kona Tatu swali zuri sana. Usipime kwa macho. Chukua utepe wa karatasi uzungushe boga mahali ulipo mstari wako mpana zaidi, kata pale unapokutana, ufungue mezani, huo ndio mzunguko wako kamili. Kunja utepe nusu, nusu tena, nusu tena, unapata sehemu 8 zilizo sawa bila hesabu yoyote, ukikunja mara moja zaidi unapata 16. Weka alama kwenye mikunjo, rudisha utepe kwenye boga, hamisha alama.

Mstari wa mlalo, chukua kitu chenye urefu unaoutaka, kopo au rundo la vitabu, laza kalamu juu yake ncha iguse boga, kopo na kalamu visitembee, zungusha boga. Linatoka duara lililonyooka hata kama boga limepinda.

Na kama boga lina mbavu zinazoonekana zitumie, usizipige vita. Kila ubavu uwe chumba kimoja cha dizaini na bonde la katikati liwe mpaka. Ukilazimisha mstari ukatize bonde bobari inaruka ikifika kwenye mteremko, punguza spidi hapo, ingia kutoka pande zote mbili ukutane chini ya bonde.

Tochi ya Usiku

Kuna mtu anatumia drili? nimeona picha ya boga lina matundu madogo mengi linatupa nukta za mwanga ukutani, limenikaa kichwani

Msumeno Wima

Drili ni nzuri sana kwa hiyo kazi, tena ndio njia ya haraka kuliko zote. Tumia ya betri, usije na drili ya waya wa umeme na mikono imelowa utomvu. Chora nukta kwanza, saizi za biti tofauti tofauti, kubwa katikati ndogo pembeni. Zungusha taratibu usikandamize, biti ikiwa kali inapita yenyewe, ukikandamiza ganda linabanduka kuzunguka tundu. Toa nje irudishe ndani mara moja ili isafishe nyama iliyobaki. Acha nafasi kati ya tundu na tundu isiwe chini ya upana wa tundu lenyewe, yakikaribiana sana ukuta unachanika kati yao. Kwa zile nukta za ukutani taa iwe moja, ndogo, na isiwe na kioo cha ukungu, ukiweka nyingi nukta zinaingiliana hazisomeki.

mchoraji_kimya

Naomba kuuliza kuhusu kudumu. Langu lilikuwa zuri sana, maua pande zote, lakini kingo zikaanza kujikunja na petali zikasinyaa alafu ndani ukungu mweusi. Inauma mana kazi ilikuwa kubwa

Bobari Mdogo

Pole sana mkuu. Boga karibu lote ni maji, ukishaondoa ganda umeondoa kile kilichokuwa kinayazuia. Kwahiyo kuna vita mbili kwa wakati mmoja, maji yanatoka ndio unaona kusinyaa na kujikunja, na ukungu unaingia kwenye nyama iliyo wazi. Dawa ya kimoja sio dawa ya kingine.

Kwa ukungu, ukimaliza kuchonga changanya jiki kijiko 1 cha chakula kwenye maji lita 4, lizamishe au lipulizie ndani na nje hasa kwenye mikato yote, alafu ligeuze likauke kabisa. Jiki iwe peke yake na maji, usije ukaichanganya na siki hata kidogo, inatoa gesi ya klorini ambayo ni sumu. Na boga lililopita kwenye jiki haliliwi tena.

Kwa kusinyaa, likishakauka juu pakaza mafuta ya mgando membamba kwenye kila mkato, yanazuia maji yasitoke haraka. Mafuta hayo yanashika moto kwahiyo ukipaka basi taa iwe ya betri. Nakshi ya kukwangua inayahitaji zaidi kuliko matundu kwa sababu eneo lililo wazi ni kubwa.

Likianza kulegea lizamishe kwenye maji baridi masaa kadhaa, linanyonya maji na kingo zinanyooka tena, sio kama mwanzo ila kwa usiku mmoja wa kuonyesha linatosha. Wakati halitazamwi lifunge kwenye plastiki uliweke kwenye friji kama linaingia. Jua na joto ndio maadui wakubwa, na mshumaa ni joto pia, unaipika nyama kwa ndani. Hata ukifanya yote haya hesabu siku chache mpaka wiki moja hivi, sehemu za baridi linaenda mbele kidogo. Ndio maana ushauri wangu mkubwa ni kwamba maandalizi yote fanya mapema, chagua boga, chora karatasi, andaa vifaa, boga zima halina haraka, linakaa hata miezi sehemu kavu yenye ubaridi. Ila ukishaingiza kisu, chonga uwe karibu na siku unayoitaka.

Kona Tatu

Vipi kulipaka vanishi?

Bobari Mdogo

Haisaidii mkuu, maji na vijidudu viko ndani tayari, ukifunga kwa nje linaozea ndani. Mtu anayetaka kitu cha kudumu miaka achukue kibuyu kilichokauka kabisa, hicho ni kigumu kama mbao, unakwangua nakshi na bobari hizihizi au unaichoma kwa chuma cha moto, na hapo ndio vanishi ina maana. Vaa barakoa tu ukifungua kibuyu na ukipiga msasa, lile vumbi na ukungu uliokauka ndani vinasumbua kifua.

Bustani Yangu

Wakuu naomba niongeze njia moja ambayo haijatajwa na mimi naiona ni nzuri kuliko zote, kuchonga boga likiwa bado liko shambani kwenye mti wake.

Boga likiwa changa, ganda bado laini kucha inaingia, chukua msumari au ncha ya kalamu iliyoisha wino uchore juujuu kwenye ngozi tu, usiingie ndani. Litatoa utomvu, liache. Mmea unajitibu wenyewe, pale ulipochora panaota kovu gumu la rangi ya udongo lililoinuka juu ya ganda, na boga likikua mchoro unakua nalo. Likikomaa una nakshi iliyopanda juu, unaisikia kwa kidole, na boga halijafunguliwa popote kwahiyo linakaa muda wake wote. Chora siku kavu, ukichora mvua ikiwa inanyesha kidonda kinaweza kuoza kabla hakijafunga. Na mistari iwe myepesi yenye nafasi mana itatanuka, herufi nyembamba za leo zitakuwa nene. Sura ya mtu sikushauri, itavutika upande. Maua, majani, majina na maumbo ya kuzunguka yanakubali.

Bobari Mdogo

Bustani Yangu hii ni dhahabu, naomba mods kama wanaweza waipandishe juu. Hii ndio nakshi pekee ya boga isiyo na haraka.

mchoraji_kimya

Asanteni sana, nimeelewa nilipokosea hakuna mtu aliyeniambia kupaka kitu kwenye kingo. Hivi hii kitu ilianzia wapi kwani, Marekani?

Msumeno Wima

Boga lenyewe ndio la bara la Amerika, lilianza kulimwa huko maelfu ya miaka iliyopita. Ila ile desturi ya taa zenye sura za usiku wa tarehe 31 Oktoba (Halloween) inatoka Ireland na Scotland, na huko walikuwa wanachonga tanipu, ile mboga ya mzizi iliyo ngumu. Makumbusho ya taifa ya Ireland wanayo sura ya plasta iliyonakiliwa toka kwenye tanipu ya zamani, imekunjamana inatisha kuliko boga lolote. Wahamiaji wa Ireland walipofika Marekani karne ya 19 wakakuta boga, kubwa, lina uwazi ndani tayari, rahisi kuchonga, wakahamia huko.

Upande wa nakshi za maua ni habari nyingine, Thailand wana sanaa yao ya kuchonga matunda na mboga, tikiti na boga vikiwemo, kwa kisu chembamba chenye ncha, na pale hakuna taa wala kutoboa, ni petali juu ya petali. Ukitaka kuona hoja ya mleta uzi ya unene wa nyama ilivyo, tazama kazi zao. Na kwa sura, kuna mchongaji wa Marekani anaitwa Ray Villafane, boga lake hatoboi wala haliwekei taa, anachonga uso mzima ukatokeza, mikunjo, meno, kila kitu, kwa kutumia nyama nene tu.

Bobari Mdogo

Naam mkuu, na ukiangalia petali za namna ile kisu kinapita mara mbili tu. Pasi ya kwanza kinasimama kinachora ukingo wa petali. Pasi ya pili kinalala, kinaingia nyuma ya ule ukingo kinatoa kabari nyembamba ya nyama, basi petali inabaki imesimama na kivuli nyuma yake. Safu inayofuata unaiweka katikati ya petali mbili za safu ya kwanza. Unaweza ukajifunzia kwenye kipande cha boga kilichobaki cha kile kitako ulichokata, usikitupe.

Mama Kijani

Kipande kikikatika bahati mbaya kuna gundi inayoshika? Petali ya binti yangu imetoka nzima nzima

Msumeno Wima

Gundi nyingi hazishiki vizuri kwenye kitu chenye maji mama. Chukua kijiti cha kuchokolea meno, kivunje nusu, chomeka kwenye kipande upande wa mkato, alafu sukuma kwenye boga mahali pake. Kama petali ni pana weka viwili visizunguke. Ukikata kijiti kikalingana na ganda hakionekani.

Mama Kijani

Imeshika! Hata mstari hauonekani. Asante baba ubarikiwe

Tochi ya Usiku

Mimi nimeshachora karatasi yangu, ni mzabibu unaozunguka upande wa mbele na majani ya leya tatu kama alivyoelekeza mkuu. Maswali mawili ya mwisho nisiwachoshe. Kupiga picha na simu kila nikijaribu kwenye maboga ya wengine inatoka moto mweupe tu hamna dizaini. Na upande wa nyuma wa boga naufanyaje, niuache tu?

Bobari Mdogo

Picha, zima flashi kabisa. Simu iegemeshe kwenye kitu isitikisike, gusa kwenye skrini pale panapong'aa zaidi kwenye boga alafu shusha mwanga mpaka uone majani yametengana. Chumba kisiwe giza totoro, acha taa moja hafifu mbali pembeni, ile inatosha kuonyesha ganda na umbo la boga ili mzabibu usionekane unaelea hewani.

Nyuma usipaache. Ukiweka boga karibu na ukuta toboa matundu machache nyuma, hata yasiwe na dizaini, mwanga unatoka unapiga ukutani na boga zima linapata mwanga kuzunguka kingo zake. Acha nafasi ya kama sentimita 30 kati ya boga na ukuta, na yale matundu yaweke juu kidogo ya usawa wa taa. Ukimaliza tuwekee picha hapa tuone hayo majani.